Mchwa Wamekula Mpaka Mei

Mtu wa pwani akitaka kununua nyumba hukagua mengi, tena kwa makini. Atauliza hati iko kwa nani, na kama marehemu aliacha mke mmoja au wengine wameanza kujitokeza. Atauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Atamvuta jirani pembeni amwulize, kwa sauti ya chini, kama humo ndani usiku hakuna mwenye kutembea. Wengine huja na shehe asome kwanza, ndipo wataje bei. Ila sijapata kumwona mnunuzi anayegonga mlango kwa sababu nyingine isipokuwa kupiga hodi.

Na sisi wa Tanga hatuna kisingizio. Joto, unyevu na udongo wa mji wetu vimempa mchwa kila anachohitaji isipokuwa haki ya kupiga kura. Cheti cha ndoa cha shangazi yangu, kilichotunzwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, kilikutwa kimebaki na jina la shahidi wa pili peke yake. Mpaka leo, kwenye harusi za ukoo, mzee yule hutaniwa kuwa ndiye mume halali. Mume mwenyewe hucheka, lakini si sana.

Basi binamu yangu aliyeko Muscat akapenda nyumba. Aliipenda kwenye picha za simu, na hilo ndilo tatizo lenyewe, maana picha haina sauti wala uzito. Zamani majahazi yalipakia boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu kwenda kuezekea nyumba za Ghuba ambako miti ni ya kutafuta. Sasa mjukuu wa watu wa majahazi hayo anatuma riyali aje azeekee chini ya boriti zilizobaki huku. Akanipigia: "Nenda kaitazame tu, ndugu yangu. Mimi nimeshaipenda." Mtu akishafika hapo, anayekwenda kukagua huwa mgomvi wake kabla hajafungua mlango.

Nilimwendea mzee fundi, seremala mstaafu wa mtaani kwetu. Huko Marekani, katika majimbo mengi, askari mstaafu anayenunua nyumba kwa mkopo wenye dhamana ya serikali hutakiwa kuleta ripoti ya mkaguzi wa wadudu waharibuo mbao, mtu mwenye leseni na fomu maalumu. Mkaguzi wetu alikuwa na bisibisi bapa, tochi, nyundo ndogo na kisu cha mezani, vyote ndani ya mfuko wa sukari. Alitoa masharti: nauli, chai, na mtu asiongee wakati anagonga.

Nyumba ilikuwa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba. Dalali alitupokea mlangoni akitabasamu, na rangi ya ukuta ikiwa begani mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyumba imepakwa lini?"

"Aa, mzee wangu, hayo ni matunzo ya kawaida."

"Matunzo ya jana au ya leo asubuhi?"

Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani, ameketi mkekani, anachagua mchele kwenye ungo. Akatukaribisha, akatuambia tusijali viatu, akaendelea na mchele wake. Katika muda wote wa ukaguzi yeye hakuisifia nyumba hata kidogo. Ningekuwa na akili za mzee fundi, hapo hapo ningeanza kumhoji yeye.

Mzee hakutazama kuta. Aliingia, akapita sebule iliyokuwa inang'aa, akashuka chini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na magoti yake yalitoa mlio kuliko mlango wowote wa nyumba ile. Alipeleka tochi pale ukuta unapokutana na sakafu, akaifuata kona taratibu, mpaka ikasimama kwenye mstari ulioinuka kidogo kutoka sakafuni, ukapanda ukutani na kupotelea nyuma ya kalenda. Unene wake ulikuwa wa penseli. Rangi yake ilikuwa ile ile ya ukuta.

"Urembo wa lipu," dalali akawahi.

Mzee akaupasua kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na udongo, na katika udongo vidudu vyeupe vikaanza kukimbizana kurudi gizani.

"Urembo unatembea," mzee akasema.

Mchwa wa ardhini ni mdudu wa ajabu kwa kujificha. Wale watendakazi wake wengi hawana macho, ngozi yao ni laini, na hewa kavu huwaua upesi. Kwa hiyo hawapiti hadharani. Hujenga vichochoro vya udongo na mate kutoka chini ya ardhi mpaka kwenye mbao, wakapita humo na unyevu wao. Mwenye kukagua nyumba hatafuti mdudu, anatafuta barabara. Na aliyepaka rangi nyumba ile hakuwa na moyo wa kukwangua kwanza. Alipaka barabara pamoja na wasafiri wake.

Kisha mzee akaomba kalenda iondolewe. Dalali akasema ni kumbukumbu ya familia. Ilikuwa kalenda ya mwaka huu huu, ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kuchana kila mwezi unapopita. Tulikuwa Aprili, nayo mbele ilionyesha Aprili, safi, na picha ya msichana ameshika koleo. Nikaishusha. Nyuma ya Aprili palikuwa na nusu ya Mei. Baada ya Mei hapakuwa na kitu. Kuanzia Desemba kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi, walikuwa wameingia kutokea ukutani wakala karatasi yote. Zilibaki pindo chache zilizobanwa na ule ukanda wa bati wa juu, na vumbi la udongo.

Tuliitazama kwa muda. Ni jambo zito kuona mwaka wako umeliwa kabla hujauishi.

"Hiyo bosi isikusumbue," dalali akanishika bega. "Hiyo miezi bado haijafika."

Viongozi wetu wakikasirika jukwaani huwaita wala fedha za halmashauri mchwa. Mchwa angekuwa na wakili angefungua kesi ya kuchafuliwa jina. Yeye hula mbao, karatasi na pamba, kwa kuwa kilichomo humo ndicho chakula chake, na akimaliza hahamishii kitu kwa shemeji. Binamu zake hasa ni mende, jambo ambalo wenye kuwachukia wote wawili watalipokea bila mshangao. Na katika aina takribani 3,000 zinazojulikana duniani, zinazosumbua nyumba za watu ni chache. Nyingine ziko porini zinarudisha magogo kuwa udongo, kazi ambayo hakuna halmashauri ingeiweza. Mfalme wa mchwa, tofauti na dume la nyuki, hafi baada ya harusi. Hukaa na malkia wake chumba kimoja miaka na miaka. Hayo nilimweleza dalali, akanijibu kuwa basi ni wapangaji wazuri.

Tukahamia chumba cha nyuma, sehemu iliyoongezwa uani na mtoto wa bibi. Binamu alikuwa ameshaunganishwa kwa video, uso wake mkubwa umejaa kwenye simu, nyuma yake kiyoyozi. Alitaka aone kila kitu. Alichoona kilikuwa rangi, na kila nilipogeuza simu alisema "Mashaallah."

Mzee akaweka ncha ya bisibisi kwenye fremu ya dirisha. Hakuipiga nyundo. Aliiegemea tu, nayo ikazama mpaka mpini, bila mlio wowote.

"Hilo dirisha au andazi?" binamu akauliza kutoka Muscat.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini macho hayatoshi. Mchwa huila mbao kutokea ndani, akifuata ile sehemu laini ya nyuzi, na huacha ganda la nje likiwa zima, kwa kuwa ganda ndilo linalomkinga na mwanga na ukavu. Mbao iliyoliwa hivyo ukiitazama imesimama. Ukiigonga hutoa sauti ya uwazi. Ukiikandamiza kwa kidole hubonyea, na ukiipaka rangi ya mafuta hukaa imara kwa muda wa kutosha kumaliza mauzo.

Dalali aliona biashara inateleza. Akaninyang'anya simu. "Bosi, ngoja nikuonyeshe upepo wa hapa," akasema, akaiegemeza dirishani ielekee nje. Fremu ile, ambayo ilikuwa imekwisha kuvumilia bisibisi, haikuvumilia simu. Kipande chote cha chini kiliachia taratibu, kikaenda nje na simu juu yake, vikatua kwenye mchicha wa bibi. Kukawa kimya. Halafu sauti ya binamu ikapanda kutoka kwenye mboga, imejaa hofu:

"Naona mawingu! Jamani, paa limekwenda wapi?"

Dalali akatoa kichwa pale dirisha lilipokuwa. "Hewa safi hiyo, bosi!"

Kwa haki ya mchwa, si kila uharibifu wa nyumba ile ulikuwa wake, na mzee fundi hakutaka kumsingizia. Chini ya kitanda cha akiba palikuwa na vichungu vya unga laini kabisa, na juu yake, kwenye mguu wa kitanda, vitundu vidogo vya mviringo. Hao ni wadudu wengine wanaobungua mbao kavu, na unga ndio dalili yao. Kwenye kabati alikuta kitu kingine: punje ngumu ndogo ndogo, zinazobingirika, ambazo ukizitazama vizuri kila moja ina pande sita. Hizo ni choo cha mchwa wa mbao kavu, anayeishi ndani ya fanicha yenyewe bila kuhitaji udongo wala barabara. Mjukuu mmoja wa bibi alikuwa amezikusanya kwenye kifuniko cha soda, akidhani ni mbegu. Alikuwa amepanda nyingine.

Mlango wa bafuni ulikuwa umeoza chini, mbao imepasuka vipande vya mraba vinavyovunjika kwa kucha. Dalali, ambaye sasa alikuwa amejifunza, akasema kwa huzuni: "Mchwa."

"Hapana," mzee akasema. "Hii ni kuvu. Aliyeileta ni bomba lenu linalovuja. Mbao ikikauka, kuvu haina la kufanya."

Katika stoo tulikuta mahindi na dumuzi, yule ambaye Watanzania wengi humwita Scania. Aliingia nchini kutoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ghala la mahindi halikupata amani. Wengi hawajui kwamba ukoo wake ni wa wadudu watoboa mbao, na kwamba hata mti hutoboa. Rafu iliyobeba mahindi ilikuwa na matundu sawa na mahindi yenyewe. Mzee alipuliza unga, akafunga mlango wa stoo, akasema hiyo si kazi ya seremala.

Kwenye fishabodi ya mbele palikuwa na tundu la mviringo safi, la kuingiza kidole, na nyuki mweusi mkubwa akitoka humo. Huyo hali mbao, huchimba ili apate kulala na kulea. Mwenzake mwingine alishuka mpaka usoni pa dalali akaanza kumzunguka kwa vishindo. Dalali alikuwa ameshavuka barabara mzee alipomwita: "Rudi! Anayekuja usoni kwa vitisho aghalabu ni dume, na dume hana mwiba!" Hakurudi mara moja. Nadhani katika kazi yake ameshatishwa na wengi wasio na mwiba, lakini hakuwahi kuwa na uhakika.

Mzee alitabasamu mara moja tu siku ile, nayo ilikuwa kwenye vyumba vya mbele, sehemu ya zamani ya nyumba. Paa lilikuwa juu ya boriti za mkoko, nyeusi kwa moshi na umri. Akagonga moja kwa nyundo, ikajibu kwa sauti kavu. Akagonga nyingine. Akajaribu bisibisi, ikateleza. "Hizi ziko hapa kabla sijazaliwa," akasema, akaipapasa boriti kwa kiganja. Mkoko ni mti mzito, uliojaa ule utomvu mkali unaotumika kusindika ngozi, na mchwa huupita akatafuta kingine. Wazee walilijua hilo, na walikubali gharama yake: boriti hizo hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya nyumba nyingi za kale za pwani ni vyembamba. Mtoto wa bibi alitaka chumba kipana. Akanunua mbao nyeupe changa za mbili kwa nne, zisizotiwa dawa wala kukauka, akazipaka oili chafu ya gari. Oili ile ilichafua ukuta, ikachafua mashuka ya bibi, na mchwa wakaingoja ikauke.

Mvua ilitukuta pale pale. Ikapiga mchana wa saa nane, ikaacha, na tulipokuwa tumeketi barazani jioni kujadili bei, hewa ilikuwa nzito na taa ya barazani imewashwa. Dalali alikuwa amerudisha sauti yake. Alieleza kwamba mchwa wale tuliowaona ni wapya, wamekuja na masika haya haya, kopo moja la dawa linawamaliza. Kumbikumbi wa kwanza akapita mbele ya uso wake. Kisha wa pili. Kisha wengi.

"Hawa wanatoka porini," akasema akiwapunga. "Wanafuata taa."

Mjukuu wa bibi, yule mwenye shamba la choo cha mchwa, akatoka uani mbio na beseni la maji. Hakuitazama taa. Alitupita sote, akaingia sebuleni, akaliweka beseni chini ya fremu ya mlango wa chumba na kupaza sauti:

"Bibi! Leo wameanzia mlangoni! Mwaka jana si walianzia kabatini?"

"Wakusanye, usiwamwage," bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Kuku wamengoja tangu mwaka jana."

Nikageuka kutazama. Kwenye upenyo wa juu wa fremu, pale rangi mpya ilipopasuka, walikuwa wanajipenyeza mmoja mmoja, wakitikisa mabawa, wakiruka kutoka ndani kwenda nje. Kichuguu huchukua miaka kabla hakijatoa wenye mabawa. Wakitokea porini wakaja taani, huo ni msimu tu. Wakitokea kwenye mlango wa chumba, ni wenyeji.

Mzee fundi akaniambia: "Andika hiyo."

Dalali akamgeukia bibi kwa sauti ya lawama kwamba mambo haya angeyasema mapema. Bibi akaweka ungo chini. "Mimi sijaficha kitu, mwanangu. Wamekuja watu wengi hapa kutazama nyumba. Waliniuliza mpaka, waliniuliza kaburi, waliniuliza majini. Mchwa hakuna aliyeniuliza."

Kesho yake tulirudi, kwa kuwa mzee alikuwa amekivunja kile kichochoro cha ukutani makusudi. Kikiachwa kimebomoka, huenda wamehama. Tulikikuta kimezibwa kwa udongo mbichi, kazi nadhifu kuliko lipu yote ya uani. Ndipo akashika simu yangu, akaisogeza karibu na mdomo na kutoa ripoti yake kwa Muscat:

"Mwanangu, kiwanja ni kizuri. Kuta zinavumilika. Boriti za mbele usimruhusu mtu aziguse. Mbao za nyuma hazipo. Kilichopo ni rangi."

Binamu akanyamaza, halafu akauliza dawa. Mzee akamweleza kwamba zile kali za zamani ambazo wazee walizisifia, aldrin na dieldrin, dunia ilikubaliana kuzipiga marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu hazikuua mchwa tu na hazikuondoka ardhini. Za sasa zinafanya kazi zikitiwa mahali pake: chimba mfereji kandokando ya msingi, nyunyiza udongo, na kama unajenga upya, piga dawa kabla ya kumwaga jamvi. Kumpulizia mdudu mmoja ukutani ni kumfurahisha muuza dawa. Na bomba lizibwe, kuni zisiegemezwe ukutani, na mbao mpya ziwe zilizotiwa dawa kiwandani.

Nyumba ilinunuliwa kwa bei ya kiwanja na boriti. Bibi aliridhika, kwani ndiyo bei aliyokuwa nayo moyoni tangu mwanzo. Ile ya juu ilikuwa ya dalali. Sehemu ya nyuma ilibomolewa, na mafundi wanasema haikuwahitaji sana. Dalali alilipwa udalali wake kwa bei iliyopungua, na mpaka leo tukikutana Ngamiani huvuka barabara.

Basi wewe unayekwenda kutazama nyumba, shehe mchukue na mwanasheria mchukue, ila tia mfukoni bisibisi bapa na tochi. Inama. Funua kila kalenda. Na kabla dalali hajafungua mdomo, watafute watoto wa nyumba hiyo uwaulize kuku wao hula nini masika yakianza.